Slaidi Saba za Muhogo wa Mahurunga

Wiki niliyokabidhi ofisi, maafisa ugani wawili niliokuwa nikifanya nao kazi walinijia na flashi. Walitaka niwanakilie slaidi zangu zote ili wasianze upya. Nikawapa. Kazi ya miaka yangu ya mwisho iliingia yote kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba, na nafasi ikabaki. Siku iliyofuata, nimekaa barazani kwangu Rahaleo, huku mjini, sina pa kuwahi, nikaona sikuwatendea haki. Slaidi bila habari yake ni picha ya muhogo tu, na muhogo mnao huko mliko. Kwa hiyo naandika jinsi nilivyoanza, pamoja na siku niliyoharibu. Mambo ya vyeo nayaacha. Yamo kwenye jalada langu, na jalada lile halijawahi kumfundisha mtu kitu.

Nilizaliwa Ziwani, nyumba ya mikorosho na mihogo kama nyumba nyingi za huko. Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipangiwa Mahurunga, kijiji kisicho mbali na Mto Ruvuma. Nilifika na begi moja, buti za mvua zilizonizidi mguu, na ubao wa flaneli. Wengi wenu hamkuuona ubao huo. Ni ubao uliovikwa kitambaa kizito, na mwalimu anabandika juu yake vipande vya picha kimoja baada ya kingine kadiri anavyosema. Chuoni tuliambiwa ni chombo cha kisasa.

Siku yangu ya kwanza kufundisha niliusimamisha mbele ya wakulima, nikabandika mzizi, nikabandika shina, nikaanza kueleza. Upepo ukapita. Jani la muhogo lilibanduka likaenda kutua kwenye kanzu ya mwenyekiti wa kijiji, na kwa kuwa lilitengenezwa kushika kitambaa, likashika. Mwenyekiti hakujua. Alikaa nalo kifuani hadi mwisho wa somo. Watu walinisikiliza kwa adabu kubwa, ila hakuna aliyenitazama mimi. Siku ile hawakujifunza kitu kuhusu muhogo, lakini kuanzia hapo kijiji kizima kilinijua kwa jina la Bibi Shamba.

Nyuma kabisa alikuwa ameketi Mzee Chilumba, afisa ugani mkubwa wa eneo lile, Mmakonde mwembamba asiyependa maneno. Alikuwa na kisu chake cha kazi, amekiviringisha kwenye mpira wa tairi ya baiskeli. Watu walipoondoka alinisaidia kuokota vipande.

"Umesema sana," aliniambia, "na wao hawajaona kitu."

Kesho yake alinichukua shambani kwa mkulima, majirani wakiwa wamekusanyika. Aling'oa muhogo, akaukata katikati, akampa mtu wa kwanza. Hakusema lolote. Muhogo ulizunguka mkono kwa mkono hadi ukamrudia, ndipo akauliza, "Mmeona nini?" Waliongea hadi jua likawa kali. Yeye aliongea mara tatu, na mara moja kati ya hizo aliomba maji.

"Kata kwanza," aliniambia njiani, "sema baadaye."

Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu. Nilidhani nimemwelewa. Kumbe nilikuwa nimemwelewa shambani tu.

Miaka ikaenda. Ubao wa flaneli uliisha, zikaja karatasi za manila na kalamu za wino mzito. Nilichora mikorosho, nikachora ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika maua ya mikorosho kwa unga mweupe, nikachora namna ya kupuliza dawa yake ya salfa bila kujipulizia mwenyewe. Mchwa walikula chati zangu nyingi kuliko zile walizosoma wakulima. Baadaye nilihamishiwa ofisi ya mjini kusimamia kata kadhaa, Mahurunga ikiwamo, na hapo ndipo nilipokutana na Mama Upendo.

Mama Upendo alikuwa katibu muhtasi wetu, mwenyeji wa Njombe, mumewe akifanya kazi bandarini. Alianza kazi enzi za taipureta, na hata alipopewa kompyuta aliendelea kubonyeza herufi kwa nguvu zile zile, ukiwa uani unamsikia. Kanisani aliimba sauti ya pili. Ofisini alikuwa mtu pekee aliyejua kila faili liko wapi, na kwa hiyo watu walimwogopa kidogo.

Nikiwa nimebakiza miaka tisa hivi kustaafu, ofisi yetu ikaletewa projekta. Likafuata agizo kwamba kila afisa atakapotoa taarifa kwenye kikao cha robo mwaka, aitoe kwa slaidi. Dakika kumi kila mtu. Nilimwendea Mama Upendo asubuhi hiyo hiyo nikiwa na daftari.

"Unajua kuwasha?" aliniuliza.

"Kuwasha najua."

"Basi nusu ya safari umekwisha kwenda. Kaa."

Kipanya ndicho kilichonisumbua kwanza. Mkono uliozoea jembe hukikaba kipanya kama kitatoroka, na kishale kwenye skrini kilikimbia kila pembe isipokuwa ile niliyoitaka. Kisha akanifungulia programu, ukatokea ukurasa mweupe wenye visanduku viwili. Cha juu kilikuwa na maneno ya Kiingereza.

"Kinakwambia ubofye hapo uweke kichwa," alisema.

Nikabofya, nikaandika jina langu, la baba na la babu. Mama Upendo alisoma, akanigeukia.

"Kichwa cha habari, Bibi Shamba. Si kichwa cha kaya."

Kwa siku nne alinifundisha kuongeza slaidi mpya, kufuta iliyozidi, kuzipanga upya kwa kuzivuta, na kuhifadhi kazi kabla ya kunyanyuka kitini, hata kama unanyanyukia maji. Akaniambia kila faili lipewe jina litakalokumbukwa. La kwanza nililiita Faili. La pili nikaliita Faili Jipya. La tatu, Faili Jipya la Kweli. Msifanye hivyo. Siku ya tano Mama Upendo akaenda likizo Njombe, nikabaki peke yangu na programu ile, nami nikagundua kwamba maneno yanaweza kuruka.

Lazima niwaeleze kwanza taarifa yenyewe ilihusu nini, maana haikuwa taarifa ya kujaza muda. Miezi miwili nyuma, mkulima mmoja wa Mahurunga, Bi Asumini, alikuja ofisini na muhogo kwenye mfuko. Bi Asumini alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kinacholima pamoja, mama mjane mwenye watoto watano, msemaji wa taratibu. Aliuweka juu ya meza yangu bila salamu ndefu.

"Majani mazima," alisema. "Shina zima. Lakini ukimenya, huli."

Nikaukata. Ndani ulikuwa na mabaka makavu ya kahawia, kama mbao iliyolowana ikaoza. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba shamba laweza kuendelea kupendeza. Mkulima analima, anapalilia, anasubiri mwaka, halafu siku ya kuvuna anakuta hana chakula. Husambazwa na inzi weupe, na zaidi husambazwa na wema wa watu, kwa sababu jirani akikosa mbegu unamkatia pingili kutoka shina lako zuri, na shina lako zuri ndilo lenye ugonjwa. Dawa yake haipo. Kinga yake ni kung'oa yote na kuanza upya na pingili safi kutoka shamba la mbegu, na pingili hizo zilikuwa chache. Kikao cha robo mwaka ndicho kingeamua ziende kata ipi.

Hayo yote nilikuwa nayo kwenye ripoti ya kurasa kumi na moja. Nikainakili ripoti nzima kwenye slaidi, neno kwa neno. Nikachagua mandhari yenye mawingu ya buluu, nikaandika kwa herufi za njano kwa sababu njano inachangamsha. Nikaamuru kila sentensi idondoke kutoka juu, herufi moja moja. Ilinichukua wiki nzima, na nilijiona nimekuwa mtu wa kisasa kwa mara ya pili maishani.

Siku ya kikao nilisimama nikiwageuzia watu mgongo, nikasoma ukutani. Herufi zilidondoka. Mimi nilikwisha kusoma sentensi, zenyewe zingali katikati, kwa hiyo nilizingoja. Kufikia dakika ya nane nilikuwa bado naeleza historia ya zao la muhogo. Mkuu wa idara alikohoa.

"Bibi Shamba, tufike mwisho."

Nikatafuta slaidi ya mwisho, nikabonyeza kitufe kisichohusika, slaidi zikarudi mwanzo. Neno Utangulizi likaanza kudondoka upya, u, t, a, n. Chumba kizima kililitazama likikamilika.

"Asante," alisema mkuu wa idara. "Tumepata picha."

Picha hawakuipata, maana sikuweka hata moja. Mbegu safi za msimu ule zilikwenda kata ambazo maafisa wake walieleweka. Sina wa kumlaumu. Mkuu yule alikuwa na dakika kumi za kunisikiliza, nami nilizitumia zote kudondosha herufi.

Kwenda Mahurunga kutoa habari nilikwenda mwenyewe, sikutuma ujumbe wa simu. Nilimkuta Bi Asumini uani kwake akichambua mihogo, mibovu huku, mizima huku ya kukausha makopa. Rundo la mizima lilikuwa dogo. Nilichutama nikaanza kumsaidia.

"Wamesemaje?"

"Msimu huu hatumo."

Aliendelea kuchambua. "Lakini uliwaambia."

"Niliwaambia."

"Uliwaambiaje?"

Nikamweleza kila kitu, mawingu, njano, herufi. Nilitegemea angalau acheke. Hakucheka.

"Kwa hiyo uliwasomea."

"Niliwasomea."

"Na wao kusoma hawajui?"

"Wanajua wote."

"Sasa uliwasomea ya nini?"

Mwaka ule nyumba nyingi za kikundi chake zilikwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayochemshwa kama viazi, mapema kuliko kawaida yake. Ming'oko ni mitamu, sisi watu wa huku tunaipenda, lakini kuna tofauti ya kuichimba kwa hamu na kuichimba kwa sababu ghala ni tupu. Kila nilipopita kijijini nilikuwa naijua tofauti hiyo kwenye nyuso, ingawa hakuna aliyenitupia neno.

Mama Upendo aliporudi likizo nilimwonyesha faili. Alitazama slaidi tatu, akasema basi inatosha. Kisha akanipa barua ya ofisini nisome kimyakimya, na nilipoanza tu kusoma, yeye akaanza kunihadithia harusi aliyohudhuria Njombe. Baada ya muda akanyamaza.

"Bibi harusi alivaa nini?"

"Sikusikia."

"Na barua inasemaje?"

"Nayo sijui."

"Ndivyo ulivyowafanya wale." Akaichukua barua yake. "Wakisoma hawakusikii. Ukisema hawasomi. Chagua."

Hapo ndipo Mzee Chilumba aliponijia kichwani, na kisu chake kwenye mpira wa baiskeli. Miaka yote ile shambani nilikata kwanza nikasema baadaye, lakini nilipopewa mashine nikadhani nimehama kazi. Nikamwambia Mama Upendo nataka kuanza na ukurasa mweupe. Akaniwekea sharti moja, slaidi moja ibebe jambo moja. Maneno machache yaliyobaki aliyapima kwa njia yake: mimi nikae kwenye kompyuta, yeye asimame mwisho wa ukumbi.

"Siioni," alikuwa akisema.

Naongeza ukubwa.

"Siioni."

Naongeza tena, sentensi haitoshi, napunguza maneno. Kwa njia hiyo maneno kumi na manne yalibaki matano, na ajabu ni kwamba hakuna kilichopungua.

Picha nilikwenda kupiga mwenyewe kwa simu. Bi Asumini alikubali shamba lake lipigwe, lakini nilipomwomba akate muhogo niupige ukiwa mkononi mwake, aliingia ndani akakaa muda mrefu. Alitoka amebadilisha kanga na amenawa mikono hadi viwikoni.

"Kitakachoonekana ni mkono tu, Bi Asumini."

"Hata mkono hauendi kwa wakubwa na matope."

Akakata. Nikapiga. Akaiomba simu, akaitazama picha kwa makini.

"Wakiuliza mkono huu wa nani?"

"Nitawaambia."

"Niite niseme mwenyewe."

Nilikwenda kuomba ruhusa, na kwa bahati utaratibu wa kikao uliruhusu mwakilishi wa wakulima kuketi humo. Kumbe nafasi ile ilikuwapo siku zote, ila hakuna afisa aliyekuwa ameitumia. Na mimi nimo kati ya hao.

Kuna jambo dogo la kiufundi niliseme hapa kwa sababu bado naliona kwenye kazi zenu. Nilipoingiza picha nikaivuta ubavuni ili ijaze ukurasa, na muhogo wa Bi Asumini ukawa mnene kama boga, na mkono wake kama wa mpiga ngumi. Mama Upendo alisema picha huvutwa kwa pembe, haivutwi kwa ubavu. Pembe hutunza umbo. Nyingine ni hii: hifadhi kazi yako sehemu mbili, na siku ya kikao fika mapema uijaribu kwenye kompyuta ile ile itakayotumika, kwa sababu herufi ulizochagua kwako zinaweza zisiwemo kwao, na mpangilio wako wote ukavurugika mbele za watu.

Slaidi zilikuwa saba. Ya kwanza shamba la kijani, halina neno hata moja. Ya pili shina moja la shamba hilo na majani yake. Ya tatu mkono, kisu na muhogo uliokatwa. Ya nne mchoro wa nyumba tisa na mishale inayoonyesha pingili zilivyotoka kwa huyu zikaenda kwa yule, bila majina. Ya tano wanawake wa kikundi wakiwa mbele ya mashina machache waliyokwisha kung'oa. Ya sita kipande cha ardhi walichotenga kuzalisha mbegu za wenzao. Ya saba ombi, mstari mmoja.

Siku ya kikao cha kugawa mbegu za msimu uliofuata niliwatazama watu usoni. Niliweka ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikanyamaza. Ilipotokea ya tatu mtu mmoja alisogeza kiti mbele, na mimi ndipo nikafungua mdomo. Nilitumia dakika sita. Nilipomaliza, afisa mmoja kutoka idara nyingine akanyoosha mkono.

"Picha nzuri. Lakini picha siku hizi kila mtu anazichukua mtandaoni. Tutajuaje kama hizi ni za kwetu?"

Aliuliza bila ubaya. Nilianza kutafuta jibu, na wakati natafuta, kiti kikasogezwa nyuma ya chumba. Bi Asumini alikuwa amesimama, ameshika pindo la kanga yake.

"Mkono ule ni huu," alisema, akauinua. "Huko mtandaoni mimi sijafika."

Watu walicheka, aliyeuliza akiwa wa kwanza. Mkuu wa idara hakucheka. Alimwomba Bi Asumini asogee mbele, akaniambia niirudishe slaidi ya tatu. Mama huyu alisimama pembeni ya ukuta, mkono wake mwenyewe ukiwa mkubwa kuliko yeye pale kwenye mwanga, akaeleza alichokula mwaka ule na alichokosa. Hakulalamika. Alieleza kama mtu anayetoa maelekezo ya njia.

"Mkipewa mbegu safi," mkuu alimuuliza, "mtang'oa yote ya zamani?"

"Mimi nitang'oa."

"Na wengine?"

Alifikiri. Nilitamani aseme ndiyo.

"Wengine siwezi kuwasemea. Nitakwenda kuwaomba."

Nadhani jibu lile ndilo lililotupa mbegu. Tulipewa za kutosha kile kipande kilichotengwa na mashamba machache, kwa sharti kwamba mihogo ya zamani iliyo jirani ing'olewe kwanza.

Kumwambia mtu ang'oe shamba la kijani si jambo dogo, hata kama unajua unachokisema. Tuliomba ghala la korosho la kijiji, lililokuwa tupu kwa kuwa msimu haujafika. Tulifunga milango mchana kweupe, tukatundika shuka jeupe ukutani, projekta ikaendeshwa kwa jenereta ya msikiti tuliyoazimwa na imamu. Jasho lilitutoka wote. Safari hii sikusimama mimi, alisimama Bi Asumini, mimi nikawa mtu wa kubonyeza.

Alipofika kwenye muhogo uliokatwa, Mzee Issa, jirani yake wa upande wa bondeni, alisema kutoka pale alipokaa, "Hiyo ya kwako, Asumini. Ya kwangu iko wapi?"

Shamba la Mzee Issa lilikuwa na mihogo mitamu iliyotoka kwa mama yake. Bi Asumini alinitazama, nami nikagundua kuwa kwenye faili langu sikuwa na slaidi ya kumjibu mzee yule.

"Ya kwako hatujaikata, baba," Bi Asumini alisema. "Twende?"

Tulifungua milango ya ghala tukaenda sote. Mzee Issa alichagua shina mwenyewe. Muhogo wa kwanza ulikuwa mweupe, safi kabisa, na alituonyesha wote. Wa pili mweupe. Akasema kachoka, lakini mkono ukang'oa wa tatu. Alipoukata alikuta mabaka ya kahawia, akaniletea mimi, si kwa hasira.

"Bibi Shamba, na huu mama yangu angeutambua?"

"Mihogo ya mama yako haikuwa hivi, baba. Huu umeingiliwa."

Aling'oa shamba lote ndani ya wiki mbili, isipokuwa tuta moja nyuma ya nyumba. Sharti lilikuwa kung'oa yote. Nililiona lile tuta, Bi Asumini aliliona, na hakuna kati yetu aliyelitaja. Mwaka uliofuata, baada ya kuvuna muhogo wa mbegu mpya, mzee akaling'oa mwenyewe bila kumwambia mtu.

Siwezi kusema ugonjwa uliisha. Haujaisha. Wanapanda, wanakagua, wanang'oa shina lenye dalili, wanagawiana pingili zilizokaguliwa. Lakini msimu wa pili baada ya hapo nilipita uani kwa Bi Asumini nikakuta makopa yameanikwa hadi kwenye paa la banda la kuku, na nikapewa ugali na kisamvu mpaka nikashindwa kunyanyuka. Kwa miaka iliyobaki nilitoa mafunzo ya slaidi kwa kila afisa mpya aliyeletwa kwetu. Mama Upendo alikaa mwisho wa ukumbi hadi alipostaafu, akisema haioni.

Mwezi uliopita nikapigiwa simu. Kikundi cha Mahurunga kilikuwa kimealikwa kufundisha wakulima wa Ziwani, na Bi Asumini alitaka niende, akasisitiza niende kama mgeni. Nilifika nikaketi dawati la nyuma kwenye darasa la shule, magoti yakigonga mbao. Slaidi walizitengeneza wenyewe, binti yake mkubwa akisaidia. Moja ilikuwa na maneno mengi mno. Nilijizuia. Bi Asumini aliitazama, akamwambia bintiye, "Hii ruka," wakaendelea.

Walikuwa katikati pale mama mmoja wa Ziwani, amembeba mtoto mgongoni, aliposimama akasema yeye ana shamba hapo karibu tu, na majani yake ya chini yameanza kuwa na rangi asiyoielewa, hajui kama ndio ugonjwa huo au sio.

"Ni mbali?" Bi Asumini aliuliza.

"Hapo nyuma ya shule."

Hakumaliza slaidi zake. Alichukua kisu mezani, akaelekea mlangoni, na darasa zima likanyanyuka kumfuata, binti yake naye, madawati yakisukumwa, watu wakiulizana shamba la nani. Ndani ya dakika moja nilibaki peke yangu na mashine inayong'uruma. Projekta haizimwi kwa kuchomolewa ukutani, taa yake huungua. Nilibonyeza kitufe mara mbili, nikangoja taa ipoe hadi feni ikanyamaza, nikafunika lenzi. Kisha nikakunja kanga yangu kiunoni na kuwafuata shambani.